Koo la Mtoto Likiuma, Linda Moyo Wake

Kila mfugaji ajua ya kwamba ndama mmoja akianza kukohoa leo, si vyema kungoja mpaka zizi zima likohoe ndipo aitwe daktari wa mifugo. Lakini mtoto wa nyumba hiyo hiyo akisema, "Mama, koo linaniuma," mara nyingi hupewa maji ya moto yenye chumvi, akaambiwa alale, na kesho yake akaenda shule. Majuma matatu yakipita, goti lake huvimba. Wazee husema, "Ni baridi hiyo. Amechunga ng'ombe katika umande." Goti likipoa, habari hiyo husahauliwa. Miaka kumi baadaye mtoto yule, ambaye sasa ni kijana wa kushika jembe, hawezi kupanda kilima cha kutoka mtoni bila kukaa chini apumue.

Ni watu wachache wawezao kudhani ya kwamba koo lile, goti lile na pumzi hii fupi ni mambo ya ugonjwa mmoja. Lakini ndivyo ilivyo. Ugonjwa wenyewe huitwa homa ya baridi yabisi, na madhara yake katika moyo hudumu maisha yote. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu milioni 55 duniani wanaishi na moyo ulioharibiwa na homa hii, na kwamba watu wapatao 360,000 hufa kila mwaka kwa sababu hiyo. Wengi wao ni watu wa nchi kama zetu, tena hufa wangali vijana wa kufanya kazi.

Habari njema ni kwamba ugonjwa huu waweza kuzuiwa. Jirani zetu wa Uganda wamefanya uchunguzi mkubwa wenye kuonyesha jinsi moyo wa mtoto unavyoweza kuokolewa kabla haujaharibika sana. Katika makala haya tutaeleza ugonjwa wenyewe, uchunguzi huo, na kazi ya kila mzazi.

NENO MOJA, MARADHI MENGI

Kwanza yafaa tufahamiane juu ya neno lenyewe. Sisi husema "baridi yabisi" kwa maumivu yoyote ya viungo. Lakini madaktari hutenga maradhi hayo katika mafungu mbalimbali, na dawa ya fungu moja siyo dawa ya jingine.

Liko fungu la uchakavu. Mtu aliyebeba magunia na kulima kwa miaka arobaini, magoti na kiuno chake huchakaa, kama vile bawaba ya lango inavyochakaa.

Liko fungu la watu wazima ambao mikono yao huvimba na kukazana kila asubuhi, ya kulia na ya kushoto pamoja. Hao tutawarudia mwishoni.

Na liko fungu la watoto, yaani homa ya baridi yabisi. Homa hiyo huwashika hasa watoto wa umri wa miaka 5 mpaka 15.

Hakuna hata fungu moja katika hayo liletwalo na umande, wala maji ya mto, wala baridi ya Kinangop. Baridi yaweza kumfanya mtu mwenye viungo vigonjwa asikie maumivu zaidi, lakini siyo iliyopanda ugonjwa. Mzazi anayemvika mtoto sweta mbili na kuliacha koo lake bila dawa amefunga dirisha na kuacha mlango wazi.

ASKARI ANAYEMPIGA MWENYE NYUMBA

Homa hii huanza kwa kijidudu kinachoitwa streptokokasi. Kijidudu hicho hukaa katika koo na kuleta mafindofindo. Hutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine kwa mate na chafya, na kwa sababu hiyo huenea upesi mahali watoto wanapolala wengi katika chumba kimoja kisicho na hewa.

Katika mwili wa kila mtu mna jeshi la ulinzi. Jeshi hilo hutengeneza silaha ziitwazo kingamwili, nazo hukitambua kijidudu kwa alama iliyo katika ngozi yake, kisha hukiua. Kazi hiyo ni njema, na pasipo jeshi hilo hakuna mtu angeishi.

Lakini fikiri habari ya mwizi aliyeingia malishoni na ng'ombe mwenye chapa inayofanana sana na chapa ya ng'ombe wako. Askari wako wanaagizwa wamfukuze kila ng'ombe mwenye chapa ya mwizi. Wanafanya kazi kwa bidii, na katika bidii hiyo wanawapiga ng'ombe wako mwenyewe, maana hawawezi kutenga chapa hii na ile. Ndivyo inavyokuwa katika homa ya baridi yabisi. Katika ngozi ya streptokokasi mna kitu kinachofanana na kitu kilichomo katika nyama ya moyo. Majuma mawili mpaka manne baada ya koo kupona, jeshi la mwili huanza kuvishambulia viungo na moyo wa mtoto mwenyewe.

Maradhi ya namna hii, ambayo kinga ya mwili hushambulia mwili wake, ni mengi sana. Lakini hili la watoto wetu ni la pekee kwa jambo moja: kijidudu kinachouanzisha ugonjwa kinajulikana, na dawa ya kukiua inajulikana. Dawa hiyo ni penisilini. Tena ni ajabu ya kwamba ingawa vijidudu vingi vimeizoea penisilini, streptokokasi ya koo haijaizoea hata leo.

PAMPU NA VALI ZAKE

Mwenye pampu ya maji shambani anajua kazi ya vali. Vali ikifungika sawasawa, maji huenda mbele tu. Ikitoboka, maji hurudi nyuma. Ikiziba, maji hupita kidogo na mashine huchoka.

Moyo ni pampu, nao una vali nne. Homa ya baridi yabisi huzishambulia vali hizo, hasa zile za upande wa kushoto. Kila homa inaporudi, vali huachiwa kovu jipya. Kovu huzifanya kuwa nene na ngumu, damu ikarudi nyuma au ikashindwa kupita. Viungo vilivyovimba hupona kabisa, na hapo ndipo watu hudanganyika. Mtoto anaruka na kucheza mpira, wazazi wanashukuru, na kumbe kovu limebaki ndani ya moyo.

Kwa wanawake hatari hiyo huonekana sana wakati wa mimba. Mama mjamzito damu yake huongezeka, na moyo hulazimika kusukuma zaidi. Msichana aliyeugua utotoni bila mtu kujua aweza kuishi salama mpaka mimba ya kwanza, ndipo akashikwa na pumzi fupi, miguu ikavimba, na maisha ya watu wawili yakawa hatarini. Kwa hiyo mama yeyote mwenye mimba anayeshindwa kulala chali kwa kukosa pumzi asidhani ni uzito wa mimba tu. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Vali zilizoharibika kabisa hutengenezwa au hubadilishwa kwa kupasuliwa moyo. Upasuaji huo ni kazi ya hospitali kubwa, una gharama nyingi, na mgonjwa aliyetiwa vali ya chuma sharti ameze dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote. Mtoto aliyetibiwa koo mapema huepushwa na hayo yote.

LILILOJULIKANA TANGU ZAMANI

Kwamba dawa ya koo huokoa moyo si habari ya kubahatisha. Baada ya Vita Kuu ya Pili, madaktari wakiongozwa na Charles Rammelkamp walifanya uchunguzi katika kambi ya askari huko Wyoming, Marekani, ambako vijana walikuwa wakiishi pamoja katika mabweni na kuambukizana mafindofindo. Habari za kazi yao zilichapishwa mwaka 1950. Askari 798 wenye koo la streptokokasi walipewa penisilini, na kati yao ni wawili tu waliopata homa ya baridi yabisi. Askari wengine 804 hawakupewa, na kati yao walioipata ni 17.

Tena ilionekana ya kwamba penisilini huzuia homa hiyo hata ikianza kutolewa siku ya tisa tangu koo kuanza kuuma. Jambo hili mkulima alishike sana. Maana yake ni kwamba hata ukikawia siku tatu au nne kwa sababu ya mvua, au mavuno, au kukosa nauli, bado safari yako ya zahanati si ya bure.

Katika nchi tajiri, nyumba zenye nafasi pamoja na penisilini zimeufanya ugonjwa huu kuwa haba. Kwetu haujaondoka. Mwaka 2007 uchunguzi mwingine ulitushtua. Madaktari waliwapima watoto wa shule 2,170 huko Msumbiji. Kwa kusikiliza moyo kwa chombo cha masikioni, walipata wagonjwa wapatao 2 katika kila watoto 1,000. Kisha wakatumia mashine ya eko, ambayo huonyesha picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kama ile skeni wanayopimwa akina mama wajawazito. Kwa mashine hiyo walipata watoto 30 katika kila 1,000. Yaani kwa kila mtoto aliyejulikana, walikuwako wengi wengine wenye makovu ya kwanza, wakicheza na kusoma pasipo dalili yoyote.

Basi likatokea swali kubwa. Watoto hao walioonekana kwa mashine tu, ambao hawaumwi, je, wapewe dawa au waachwe? Madaktari walibishana kwa miaka mingi. Wengine walisema sindano ni mateso bure kwa mtoto mzima. Wengine walisema kungoja dalili ni kungoja moyo ufe.

WATOTO WA GULU

Jibu lilitoka Uganda ya kaskazini, katika nchi ya Gulu. Uchunguzi huo uliongozwa na Daktari Andrea Beaton wa Marekani pamoja na Daktari Emmy Okello wa Taasisi ya Moyo ya Uganda, nao ulianza mwaka 2018.

Kwanza watoto 102,200 walipimwa moyo kwa eko. Fikiri kazi hiyo: mashine ndogo za kubebwa zilipelekwa, na watoto wakapimwa mmoja mmoja. Kati yao walichaguliwa 818, wenye umri wa miaka 5 mpaka 17, ambao mioyo yao ilikuwa na alama za kwanza za ugonjwa lakini hawakuwa na dalili. Waligawanywa kwa kura mafungu mawili. Fungu la kwanza lilidungwa sindano ya penisilini ya kukaa mwilini muda mrefu kila baada ya siku 28, kwa miaka miwili. Fungu la pili halikudungwa, bali liliangaliwa tu. Kisha wote wakapimwa tena, na wale waliozisoma picha zao hawakuambiwa ni mtoto yupi aliyedungwa.

Matokeo yalitangazwa mwezi wa Novemba mwaka 2021. Katika fungu lililodungwa, watoto ambao mioyo yao ilizidi kuharibika walikuwa 3. Katika fungu lisilodungwa walikuwa 33. Ukihesabu vizuri, kwa kila watoto 13 waliodungwa kwa miaka miwili, mmoja aliepushwa na madhara ambayo yangempata.

Yapasa pia tuseme yale ambayo sindano haikufanya. Karibu nusu ya watoto wa mafungu yote mawili walionekana kuwa na nafuu, na sindano haikuiharakisha nafuu hiyo. Kazi yake ilikuwa kuzuia ugonjwa usizidi. Tena mtoto mmoja alipata mzio wa dawa, ingawa haukuwa mkali. Ndiyo maana sindano hii hudungwa na mtu aliyefundishwa, mahali penye dawa ya kuondoa mzio, wala si dukani wala nyumbani kwa jirani.

Watoto wale hawakuwa wa nchi ya mbali yenye theluji. Wengi ni watoto wa wakulima, wanaokula ugali na kutembea kwenda shule kama wa kwetu. Lililowezekana kwao laweza kuwezekana kwetu.

MCHELEA MWANA KULIA

Sasa tufike kwenye jambo gumu. Mtoto aliyekwisha kupata homa ya baridi yabisi hupangiwa sindano hiyo kila baada ya majuma matatu au manne, ili streptokokasi isipate tena nafasi katika koo lake. Kwa siku 28, hizo ni sindano 13 kwa mwaka. Mara nyingi huendelea kwa miaka kumi hivi, au mpaka mgonjwa atimize miaka 21, na yule ambaye moyo wake umeharibika huendelea zaidi.

Sindano yenyewe inauma. Dawa ni nzito, na paja huuma siku moja au mbili. Mtoto akilia, mama huhurumia. Baba husema, "Mbona haumwi tena? Tumwache mwezi huu." Mwezi huo mmoja huwa miwili, kisha cheti hupotea. Homa ikirudi, vali hupata kovu la pili, na safari hii hakuna dawa ya kulifuta. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Hakuna mahali methali hiyo ilipopata maana yake kuliko hapa.

Mkulima hasahau siku ya kuogesha ng'ombe wala siku ya kupeleka maziwa. Basi na siku ya sindano iandikwe katika kalenda hiyo hiyo, ukutani, mahali pa kuonekana na wote. Mwombe muuguzi akupe siku ya juma isiyobadilika. Kwa kuwa siku 28 ni majuma manne kamili, sindano ikianza Jumanne itakuwa Jumanne daima. Mwambie mwalimu wa mtoto pia, ili asimwadhibu kwa kukosa kipindi. Na mtoto mwenyewe aelezwe kwa nini anadungwa. Mtoto anayejua ya kwamba analinda moyo wake huvumilia kuliko yule anayeburutwa.

Neno moja la hadhari: mgonjwa ambaye moyo wake umekwisha kuharibika sana aweza kupewa vidonge badala ya sindano. Hilo ni la daktari kuamua, si la mzazi.

YANAYOCHUNGUZWA SASA

Wataalamu hawajakaa kimya. Huko Australia na New Zealand wanajaribu kutia penisilini nyingi chini ya ngozi kwa mara moja, ili ikae miezi miwili au mitatu badala ya mmoja. Wengine wanafundisha kompyuta kuzisoma picha za eko, ili muuguzi wa kijijini aweze kumgundua mgonjwa bila kumngoja daktari bingwa.

Wengine wanatafuta sababu ya baadhi ya watoto kuugua huku ndugu zao waliolala nao chumba kimoja hawaugui. Uchunguzi wa nchi nane za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, ulioanzishwa na Profesa Bongani Mayosi wa Afrika Kusini, ulitoa habari zake mwaka 2021. Ulionyesha ya kwamba yako mambo katika urithi wa damu yanayomfanya mtu aelekee kuugua zaidi.

Chanjo je? Mpaka leo haipo. Kazi yake ni ngumu kwa sababu ile ile ya chapa za ng'ombe: chanjo huwafundisha askari wa mwili kuijua chapa ya adui, na ikifundisha vibaya yaweza kuuleta ugonjwa unaokusudiwa kuzuiwa. Hofu hiyo ilikuwa kubwa hata Serikali ya Marekani ilipiga marufuku chanjo za namna hiyo mwaka 1979, na marufuku hayo yakadumu zaidi ya miaka 25. Tena aina za streptokokasi ni zaidi ya 200. Hata hivyo kazi imeanza upya, na mwaka 2019 Serikali ya Australia ilitoa dola milioni 35 za nchi hiyo kwa kutafuta chanjo.

Iko pia elimu mpya juu ya jeshi lenyewe la mwili. Mwaka 2025 Zawadi ya Nobel ya utabibu walipewa Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani na Shimon Sakaguchi wa Japani. Walionyesha ya kwamba mwilini mna askari wa pekee ambao kazi yao ni kuwatuliza askari wenzao, wasimpige mwenye nyumba. Wataalamu sasa wanatafuta njia ya kuwaongezea nguvu hao watulizaji katika maradhi ya kinga kujishambulia. Dawa ya namna hiyo haijafika kwa watoto wa homa hii, wala mtu asiuziwe kitu kwa jina hilo.

KWA WATU WAZIMA WENYE MIKONO YA KUVIMBA

Tuliahidi kurudi kwao. Mtu mzima, na mara nyingi ni mwanamke, ambaye viungo vya vidole na viganja vyake huvimba pande zote mbili, na ambaye kila asubuhi mikono yake hukazana kwa muda wa nusu saa au zaidi kabla ya kuweza kukamua ng'ombe, asikae na kusema ni uzee. Huenda ni baridi yabisi ya kweli, ambayo nayo ni askari wa mwili kuishambulia nyumba yao. Huo hautibiwi kwa penisilini, bali kwa dawa za kutuliza kinga, kama methotreksati, ambayo humezwa mara moja tu kwa juma chini ya uangalizi wa daktari. Dawa za maumivu za dukani hufunika moto bila kuuzima, na mifupa huendelea kuliwa.

Hapa pia wachunguzi wameona faida ya kuwahi. Katika uchunguzi wa Uingereza na Uholanzi uliotangazwa mwaka 2024, watu 213 ambao damu yao ilionyesha alama za ugonjwa, na ambao viungo vyao viliuma lakini havijavimba, waligawanywa mafungu mawili. Baada ya mwaka mmoja wa dawa iitwayo abatasepti, walioshikwa na ugonjwa wenyewe walikuwa 6 katika kila 100. Katika fungu lililopewa dawa ya bandia walikuwa 29 katika kila 100. Dawa ilipokoma tofauti hiyo ilipungua, lakini haikwisha.

Maradhi ni mbalimbali, na dawa ni mbalimbali, lakini fundisho ni moja: viungo na moyo hulindwa mapema.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Mtoto akiumwa koo ghafula, akiwa na homa, akishindwa kumeza, tezi za shingo zikivimba, na asiwe na kikohozi wala kamasi, mpeleke zahanati. Koo lenye kikohozi na kamasi mara nyingi ni mafua, na mafua hayahitaji penisilini.

2. Dawa ya koo ni sindano moja au vidonge vya siku 10. Vidonge vimalizwe vyote, hata kama koo limepoa siku ya tatu. Usimgawie ndugu yake vilivyobaki. Kama mtoto amewahi kudhurika kwa penisilini, sema kabla hajapewa.

3. Mtoto mwenye homa ambaye goti huvimba leo, kesho kifundo cha mguu, keshokutwa kiwiko, apelekwe hospitali upesi. Kadhalika yule ambaye mikono na uso huanza kuchezacheza bila kutaka, akimwaga chai na kuandika vibaya. Asipigwe kwa utundu, wala asidhaniwe amerogwa.

4. Pumzi fupi, moyo kwenda mbio, miguu kuvimba na kuchoka upesi kwa kijana si uvivu. Omba apimwe moyo.

5. Chumba cha watoto kiwe na dirisha lifunguliwalo, na wasilale wengi katika kitanda kimoja. Wanawe mikono. Vidonda vya ngozi na upele vitibiwe, maana wataalamu wa New Zealand wameona ya kwamba navyo huenda vikaleta homa hii.

6. Aliyeandikiwa sindano ya kila siku 28 asikose hata moja. Akihama skimu au akienda shule ya bweni, aende na cheti chake.

Mkulima aliyepata shamba lake kwa taabu hulitunza kwa ajili ya watoto wake. Ataliacha kwa nani, ikiwa mrithi hana pumzi ya kulilima? Jioni ya leo, watoto wanapokusanyika jikoni kula, waulize kama kuna yeyote ambaye koo linamuuma. Akiwapo, kesho asubuhi mpeleke zahanati kabla ya kazi nyingine.